Imekauka au Imeiva?

Kadi zilikuwa mia tatu, za harusi ya Mbagala, na juu ya majina ya maharusi nilikuwa nimepitisha ile vanishi ya kung'aa inayopigwa taa. Nilizigusa zikitoka mashineni: kavu kabisa. Nikazipanga, nikazifunga bunda bunda kwa kamba, nikaenda kula. Kesho yake asubuhi mama wa bibi harusi akaingia na bunda moja mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, nilikuagiza kadi au tofali?"

Nilikosa jibu. Kadi zilikuwa zimeshikana, na nilipojaribu kuzibandua, majina ya maharusi yalihamia mgongoni mwa kadi iliyolala juu yake. Nilizichapa upya kwa fedha yangu. Kuanzia wiki iliyofuata nikaanza kujifunza kwa dhati kazi niliyokuwa nikiifanya kila siku bila kuielewa.

Makala haya nawaandikia wenzangu wa uchapaji wa mtaani, mafundi samani walioanza kununua vanishi za taa, na hasa akina dada na kaka wa kucha za jeli. Hao wa kucha nimewaweka mbele kwa makusudi. Kosa langu liliharibu karatasi. Lao linaingia kwenye ngozi ya mtu.

Nilikosea neno kabla sijakosea mashine. Nilisema vanishi "imekauka". Rangi ya maji ya ukutani hukauka: maji yanaondoka, rangi inabaki. Jeli ya kucha na vanishi ya UV kwa kawaida hazina cha kuondoka. Kilichoingia chini ya taa ndicho kilichotoka, karibu uzito uleule, ila kilikuwa ute na sasa ni gamba. Hicho hakikukauka, kimeiva, kama yai lililochemshwa likawa gumu bila kupoteza maji yake. Mafundi ujenzi wanalijua jambo hili kuliko sisi: zege wanalimwagilia maji siku kadhaa ili likomae, na fundi anayeliacha likaukie juani analipasua mwenyewe.

Kwa hiyo kugusa juu kwa kidole hakutoshi. Ugali mbichi nao unashikika mkononi. Tumbo ndilo litakalokuambia.

Ndani ya chupa ya jeli kuna molekuli fupifupi, nyingi za ukoo wa akrilati, na kiasi kidogo cha kichochezi kinachopokea mwanga. Mwanga ukikigonga, kichochezi hupasuka, na vipande vyake vina njaa ya kushikana na chochote kilicho karibu. Kipande kinamkamata jirani, jirani anamkamata wa pili, na kwa sekunde chache ule ute wote unakuwa wavu mmoja. Mwanga wenye nguvu ya kufanya hivyo ni urujuanimno, yaani UV, pamoja na zambarau inayopakana nao. Sasa shika jambo hili, maana nitalirudia: molekuli isiyoingia kwenye wavu inabaki huru, na iliyo huru inatembea.

Wala si ufundi wa jana. Picha ya kamera ya zamani kuliko zote zilizosalia, ile aliyoipiga Joseph Nicéphore Niépce dirishani kwake huko Ufaransa mwaka 1826 au 1827, ni bamba la metali lililopakwa lami. Pale mwanga ulipopiga, lami iligeuka ngumu. Penye kivuli ilibaki laini ikaoshwa kwa mafuta. Tunachokiita picha ya kwanza ni mpako ulioiva nusu na kubaki mbichi nusu.

Tuje kwenye taa, maana huko ndiko pesa nyingi zinakopotelea. Ukienda kununua taa ya kucha Kariakoo, muuzaji atakutajia wati: hii 48, hii 120, hii 200. Wati ni umeme unaoingia kwenye taa, tena kama namba ya kwenye boksi ni ya kweli. Haikwambii ni mwanga gani unatoka wala ni kiasi gani kinafika kwenye ukucha. Swali lako liwe ni nanomita ngapi. Taa nyingi za LED za kucha hutoa mwanga wa nanomita 365 na 405. Taa za zebaki za viwandani hutoa mwanga wa namna kadhaa kwa pamoja, ikiwemo 254, 313, 365 na 405. Kila kichochezi nacho kina mwanga wake kinachoupokea vizuri. Jeli iliyotengenezwa kwa ajili ya 365 ukiiweka chini ya taa ya 405 peke yake, inaweza kufanya ngozi ya juu ikakudanganya, huku chini ni uji. Ndiyo maana nashauri, hata kama inauma mfukoni, jeli na taa zitoke kwa mtengenezaji mmoja, au angalau mtengenezaji wa jeli aseme wazi ni taa gani na sekunde ngapi. Chupa isiyosema hivyo irudishe rafuni.

Wenye vipimo hupima nguvu ya mwanga kwa miliwati katika sentimita moja ya mraba, wakazidisha kwa sekunde kupata dozi. Miliwati 100 kwa sekunde 10 ni milijuli 1,000. Hesabu hii inamshawishi mtu aseme, basi taa yangu dhaifu nitaiachia dakika nzima, itafika tu. Mara nyingi haifiki. Oksijeni ya hewani huingia kwenye mpako na kukamata vile vipande vyenye njaa kabla havijaanza kujenga wavu. Taa kali hutengeneza vipande vingi kwa mpigo, oksijeni ikazidiwa. Taa dhaifu inatoa kimoja kimoja, na kila kinapotoka kinamezwa. Ni kama kupika chapati kwa kibatari: muda unao, lakini chapati huna.

Oksijeni hiyohiyo ndiyo inayoacha utando wa kunata juu ya jeli nyingi hata zilizoiva sawasawa. Kunata huko si kosa, ila kunataka kufutwa kwa spiriti, na namna ya kufuta nitaisema tukifika kwenye ngozi. Ajabu ni kwamba ndani ya kopo oksijeni ni mlinzi: ndiyo inayosaidia vanishi isijigande yenyewe ghalani. Ndiyo maana makopo ya vanishi hizi huuzwa yakiwa na nafasi ya hewa juu. Usiunganishe makopo mawili ukajaza moja mpaka mdomoni kwa kudhani unaokoa nafasi.

Taa huzeeka bila kukuaga. Kwa zile za mirija na za zebaki, rangi ya bluu unayoiona siyo inayofanya kazi. Kinachoivisha hakionekani, na hicho ndicho hutangulia kupungua. Mrija unaendelea kuwaka vizuri machoni, na wateja wanaanza kurudi wiki ya pili kucha zinabanduka. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito siku unapofunga mrija mpya. Kwa mashine za uchapaji, hesabu saa. Taa ya zebaki mara nyingi hukadiriwa kufanya kazi kwa takriban saa 1,000, baada ya hapo unachapa kwa imani. Umeme ukikatika, taa hiyo haiwaki tena papo hapo: inataka kupoa kwanza, kisha dakika kadhaa za kupanda nguvu. Karatasi zilizopita wakati inapanda zirudishe. LED haina tabu hiyo, wala haitoi ile harufu kali ya ozoni inayotaka bomba la kuitoa nje ya chumba.

Halafu kuna uchafu. Tone moja la jeli lililodondokea kwenye kioo cha LED na kuivia hapo ni pazia la kudumu. Na kuna kidole gumba. Mteja akiingiza vidole vitano kwa pamoja, gumba hulala ubavu, mwanga unalipiga pembeni. Ivisha magumba peke yake, yote mawili kwa pamoja, mwishoni. Ni sekunde sitini za ziada, na sijui kwa nini tunazionea choyo.

Rangi nazo hazilingani. Nyeupe hupata weupe wake kwa titani dioksidi, ambayo humeza karibu UV yote iliyo chini ya nanomita 400. Nyeusi ya masizi humeza kila kitu. Kwa hizo mbili, mkono mmoja mzito ni kosa, hata ukiuweka chini ya taa mpaka Isha. Paka mikono miwili au mitatu myembamba, kila mmoja uive kabla ya mwingine. Tuwaige madaktari wa meno: wakijaza jino kwa plastiki inayoiva kwa mwanga wa bluu, kwa kawaida huweka tabaka lisilozidi milimita 2, wakalipiga mwanga, ndipo wakaongeza. Wembamba unasaidia na jambo jingine. Molekuli zinaposhikana hutoa joto, na zikishikana nyingi kwa mara moja, mteja huchomoa mkono na kusema ameungua. Hajifanyi. Tabaka nene la jeli ya kujengea linaungua kweli, na usimwambie avumilie.

Sasa utajuaje kama imeiva? Kwa wa kucha, kipimo changu ni karatasi ya alumini ya jikoni. Paka jeli juu yake kwa unene uleule unaompaka mteja, weka chini ya taa kwa muda uleule, futa utando wa kunata, kisha bandua lile gamba uangalie upande wa chini, uliokuwa umelalia alumini. Ukifuta hapo kwa pamba na rangi ikatoka, taa yako haijafika chini. Fanya hivyo kwa kila rangi mpya, na kwa nyeusi na nyeupe kila unapoanza kutilia shaka taa. Wachapaji tuna kidole gumba: kandamiza kwa nguvu na kuzungusha, alama ikibaki, mbichi. Tuna pamba yenye asetoni: sugua kwenda na kurudi, hesabu ni mara ngapi mpaka vanishi ilegee, andika namba hiyo ukutani, na siku ikishuka ujue taa imekwisha. Kushikamana ni habari nyingine, maana akrilati husinyaa ikiiva na inaweza kujivuta ikaachia. Chora miraba midogo kwa wembe, bandika selotepu, vuta kwa ghafla. Na siku hizi kila kazi yenye vanishi naweka kadi kumi chini ya tofali, la kweli, usiku kucha.

Nimefika kwenye ngozi, na hapa naomba usiruke mstari. Zile molekuli huru nilizosema zinatembea, baadhi ni ndogo kiasi cha kupenya ngozi. Inayojulikana zaidi huandikwa kwenye chupa HEMA. Mwili ukikutana nayo mara kwa mara unaweza kuizoea kwa njia mbaya: unaanza kuitambua kama adui. Dalili ni muwasho na wekundu kuzunguka kucha, ngozi ya ncha za vidole kupasuka na kuchubuka, wakati mwingine kope kuvimba kwa sababu mtu amejigusa uso. Ukishafikia hapo, mzio huo kwa kawaida ni wa maisha. Kibaya zaidi, ukoo huohuo wa kemikali ndio ulio kwenye vijazio vya meno na kwenye saruji ambayo madaktari wa mifupa huitumia kufunga nyonga ya bandia. Binti wa miaka 22 anajiharibia leo tiba atakayoihitaji akiwa bibi. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa ngozi wa Uingereza kilitoa onyo la wazi kuhusu kucha za jeli na akrilati, hasa zile ambazo watu hujipaka nyumbani. Umoja wa Ulaya nao umeagiza bidhaa za kucha zenye HEMA zitumiwe na mafundi waliosomea tu, na kuanzia tarehe 1 Septemba 2025 ukapiga marufuku kichochezi kiitwacho TPO katika vipodozi vyote kwa hofu ya madhara kwa uzazi. Mzigo uliofungiwa soko huko hauchomwi wote. Ukiona chupa za bei ya kutupa, soma kibandiko kabla ya kushangilia.

Kinga yenyewe haina gharama kubwa. Jeli isiguse ngozi kabisa: acha uzi mwembamba wa nafasi pembeni mwa ukucha, na ikimwagikia ngozi, futa kabla ya taa. Utando wa kunata ufute kuelekea ncha ya ukucha, kipande kipya cha pamba kwa kila kidole. Ukiuburuza juu ya ngozi umempaka mteja ubichi uleule uliokuwa unaukimbia. Wewe fundi, vaa glavu za naitraili. Zile nyeupe za mpira wa kawaida hupenywa upesi mno, na hata naitraili hazizuii milele, hivyo zibadilishe kwa kila mteja, na mara moja ukidondokewa. Vumbi la kusugua kucha lisiingie puani. Na mteja akikuambia vidole vinamuwasha, usimbadilishie chapa ya jeli ukitumaini heri. Mwambie, "Dada, tusimame hapa, nenda kwa daktari wa ngozi." Umepoteza mteja mmoja, najua.

Kuhusu mwanga wenyewe, watu wameingiwa na hofu kuliko inavyostahili, ingawa si hofu ya bure. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa seli zilizowekwa chini ya mashine ya kucha kwa dakika 20 zilikufa kati ya asilimia 20 na 30. Zilikuwa seli kwenye sahani ya maabara, si mkono wenye ngozi juu yake, na dakika 20 ni nyingi. Hata hivyo glavu zilizokatwa ncha ni rahisi, na krimu ya kuzuia jua ipo. Ninachosisitiza ni kumuuliza mteja dawa anazotumia. Doksisaiklini, ambayo wengi tunaimeza bila hata kufikiria, huifanya ngozi ishikwe na UV upesi. Kwa wachapaji onyo ni kali zaidi: taa ya zebaki ya mashine haina undugu na kiboksi cha kucha. Usifungue kifuniko chake ikiwa inawaka, hata kwa kuchungulia mara moja.

Wanaochapa vifungashio vya chakula, mnielewe vizuri: wino wa kawaida wa UV si wa kufungia maandazi. Mwaka 2005 huko Italia mamilioni ya lita za maziwa ya watoto yaliondolewa sokoni baada ya kichochezi cha wino, ITX, kuonekana ndani ya maziwa. Wino ulikuwa nje ya boksi. Karatasi ilipoviringishwa, upande uliochapwa ulilalia upande wa ndani, na kilichokuwa huru kikahama, kama majina ya maharusi wangu yalivyohama. Kwa kazi hiyo kuna wino maalumu wenye vichochezi vizito visivyotembea kirahisi, na viwanda vikubwa huko nje hutumia njia nyingine kabisa: mwale wa elektroni. Chembe ya mwanga wa nanomita 365 ina nguvu ya elektronivolti 3.4 hivi. Elektroni ya mashine hizo husukumwa kwa volti kati ya 80,000 na 300,000. Inapenya wino mweusi bila kuuliza, na haihitaji kichochezi, kwa hiyo hakuna kichochezi cha kuhamia kwenye maziwa. Gharama yake ni kubwa: oksijeni inafukuzwa kwa naitrojeni, na mashine inafunikwa kwa risasi au chuma kizito kuzuia eksirei. Ukiizima imezimika, kifungashio hakibaki na mnururisho wowote. Labda sisi wa mtaani hatutaimiliki, lakini bidhaa za ndugu zake tunazo: ile mirija ya plastiki inayosinyaa kwa moto ambayo mafundi umeme huvika kwenye maungio ya nyaya, mingi hupigwa elektroni kiwandani ili ipate tabia hiyo.

Limebaki suala la joto letu na takataka. Chupa za jeli zikae kabatini, mbali na dirisha, na kifuniko kifungwe hata unapokwenda kupokea simu. Brashi usiilaze karibu na taa inayowaka. Itakuwa mswaki wa mawe. Pikipiki ikikuletea mzigo uliokaa juani tangu saa nne, fungua uangalie kabla hujasaini.

Na pamba zilizofutiwa, vipande vya karatasi vyenye vanishi, mabaki ya chini ya kopo, usivimwage kwenye sinki wala usiviache kwenye ndoo anayoizoa mtu asiye na glavu. Pamba za spiriti ziache kwanza spiriti iruke, nje, mbali na jiko. Kisha tandaza vyote juu ya bati, tabaka jembamba, mahali ambapo watoto na kuku hawafiki, uviache juani mchana mzima. Jua la Dar es Salaam lina UV ya kutosha na halidai luku. Jioni gusa kwa kijiti. Kinachonata kibaki hadi kesho.